Ukoko wa Bruchi

Bibi Anyesi alifungua fundo la kanga yake, akaiweka bruchi mezani. Lilikuwa pambo la kubania nguo kifuani, dogo kuliko jani la kahawa.

"Mama yangu alipewa na mama mmoja wa Kiingereza, kule mashamba ya kahawa ya Usa River," alimwambia sonara, Mzee Gadiel. "Jumamosi mjukuu wangu anafunga ndoa Makumira. Nataka aivae iking'aa mpaka mchungaji afumbe macho."

"Dakika kumi tu, Bibi. Mwambie mchungaji aje na miwani ya jua."

Bibi akacheka, akaenda kuketi kwenye benchi la mlangoni.

Nilikuwa na miezi minne katika karakana ya Mzee Gadiel ya usonara, pale Elerai. Chuoni nilisomea vito, lakini mbele ya watu wazima sauti hunikwama. Mzee huniita Kimya.

Aliisogeza bruchi kwenye taa, akaguna. "Silva kuukuu. Ona kingo zilivyojaa ukoko, kama sufuria ya wali. Nitausugua wote."

Alipogeuka kuwasha mashine, nikachungulia kwa lenzi.

Haikuwa silva. Ilikuwa platinamu kwa mbele na dhahabu kwa nyuma, yenye almasi ndogo zilizofifia kwa uchafu, kazi ya zaidi ya miaka mia moja. Chuoni kazi kama hii tuliiona pichani tu. Fundi aliyeitengeneza alikuwa ameikata kwa msumeno mwembamba kama unywele, tundu baada ya tundu, mpaka platinamu ikawa kama lesi ya maua. Na ule ukoko ulikuwa punje, ndogo kuliko ulezi, zimepangwa pembezoni mwa kila ua, zote sawasawa. Alizichonga kwa kigurudumu kidogo chenye meno, akikiviringisha kwa mkono. Nikaigeuza. Hata nyuma, panapolalia nguo, kila tundu lilikuwa limelainishwa. Alimlainishia nani, mahali pasipoonekana?

Mashine ya kung'arishia ikaanza kuvuma. Mzee akaichukua bruchi mkononi mwangu. Brashi ya mashine ile ingezifuta punje zote, na simjui mtu Arusha nzima wa kuzirudisha. Nikafungua mdomo. Maneno ya chuoni yote yakanikimbia.

"Shikamoo!"

Tulishaamkiana tangu asubuhi. Lakini shikamoo haiachwi bila jibu. Mzee akaondoa mguu kwenye kanyagio, mashine ikanyamaza.

"Marahaba," akasema, akinishangaa. "Wewe Kimya, umelewa?"

"Si ukoko, Mzee. Ni... ni ulezi. Hesabu."

"Ulezi ni wa pombe ya mbege, binti yangu." Akachukua lenzi huku akicheka.

Kicheko kikakatika. Midomo yake ikahesabu polepole, ikaishia njiani baada ya sitini. Akaigeuza, akautazama upande wa nyuma kwa muda mrefu. Kisha akailaza juu ya kitambaa kama mtoto aliyesinzia.

"Na mimi nilitaka kuzifuta," akasema. "Lete maji ya vuguvugu, sabuni, na mswaki laini."

Nikaiosha taratibu. Almasi ndogo zikawaka moja moja, kama umande asubuhi upande wa Meru. Nilipoiinua, mwanga ukapenya matunduni, ukachora maua juu ya meza yetu yenye masizi.

Mzee Gadiel akavua kofia.

"Shikamoo, fundi," akasema kwa sauti ya chini, akiiinamia bruchi.

"Marahaba," akaitika Bibi Anyesi kutoka kwenye benchi. "Ila humu leo mnaamkiana sana. Imeshang'aa?"