Rafu ya Juu

Rafu ya juu kabisa, nyuma ya makatoni ya sabuni, ilikuwa tupu, na Twalibu alikuwa hodari wa kutoitazama. Rafu nyingine za duka lake pale Kinole hazikupungukiwa kitu. Chumvi ikikaribia kwisha alijua mapema. Betri zikibaki chache, alizifuata mjini. Bafta ya sanda peke yake ndiyo iliyongojea mtu afe, ndipo Twalibu apande bodaboda kwenda kuinunua Morogoro.

Zamani haikuwa hivyo. Kuna mwaka alileta jora zima, misiba miwili ikafuatana, na Bi Mwanvita, jirani asiyejua kuuzuia ulimi wake, akasema bombani kwamba mzigo wa Twalibu unawatafuta wenyewe. Watu walicheka. Kisha wakaacha kucheka, wakawa wanamkodolea macho kila aliposhusha bidhaa. Ulikuwa upuuzi mtupu, naye alijua ni upuuzi, lakini akautii kama amri ya serikali.

Sasa mkewe, Mwanahawa, alikuwa amerudishwa nyumbani kutoka hospitali, amebaki mifupa, na madaktari walikuwa wamesema maneno ya kuzungukazunguka. Asubuhi moja Twalibu akijiandaa kuteremka mjini, mkewe alimwita.

"Baba Faraja, bafta imekwisha tangu msiba wa kina Pazi. Safari hii ilete."

"Nitaleta."

"Mvua hizi zikikata barabara, utawaambia nini watu?"

"Mama Faraja, nimesema nitaleta."

Alikuwa amesema watu, hakujitaja mwenyewe. Twalibu alimshukuru moyoni kwa neno hilo, akatoka haraka.

Mjini, Abdulswamad wa duka la jumla alimfungia mzigo wake, kisha akagonga jora jeupe lililoegemezwa ukutani. "Na hili? Limebaki moja."

Twalibu aliligusa. Akajiona akiingia nalo nyumbani, akipita mbele ya kitanda cha mkewe. Akawaona na majirani, wakinong'ona kwamba safari hii amemletea wa nyumbani mwake.

"Safari ijayo," alisema, akaongeza katoni ya viberiti ambavyo hakuvihitaji.

Jioni Mwanahawa aliuliza kama amekumbuka.

"Ipo," alijibu.

"Umeiweka kule juu?"

"Kule juu."

Mwanahawa akafumba macho, ameridhika. Twalibu alikwenda uani kuosha uso, akauosha mara ya pili, na uongo ukabaki palepale.

Mvua ikashuka mfululizo, ubavu wa mlima ukaporomokea barabarani chini ya kijiji, hata bodaboda zikashindwa kupita. Mwanahawa akafariki alfajiri, mvua ingali inanyesha. Wanawake wa kuosha maiti walikuja, wakafanya kazi yao kwa utulivu. Hakuna aliyekuwa na wasiwasi wa sanda. Marehemu si alikuwa mke wa mwenye duka?

"Twalibu, tuletee," Bi Mwanvita aliita kutoka ndani.

Akapanda kigoda, akasogeza makatoni, akapapasa ubao mkavu. Alijua hakuna kitu, hata hivyo akapapasa hadi kwenye kona. Alikaa juu ya kigoda kile muda mrefu kwa sababu hakujua atashukaje mbele ya watu.

"Hakuna," alisema mwishowe.

Bi Mwanvita alijitwika mfuko wa nailoni kichwani, akatoka mvuani. Aliporudi alikuwa na furushi kifuani. Twalibu aliutambua mkunjo, akaitambua na kamba. Ilikuwa sanda ambayo yeye mwenyewe alimkatia bibi huyo miaka iliyopita, naye akaitunza sandukuni kama wazee wengi wafanyavyo.

"Chukua, mwanangu. Mimi bado nipo."

Alitamani kumchukia. Hasira ilimpanda, ikamzunguka Bi Mwanvita, ikarudi kwake mwenyewe.

Barabara ilipofunguka, Twalibu alipanda kijijini mchana kweupe, jora begani, akiwapita watu barazani. Hakuna aliyenong'ona. Siku ya pili Bi Mwanvita aliingia dukani.

"Shikamoo, Bi Mwanvita."

"Marahaba. Nimekuja kupimiwa yangu."

Alimpimia, akakata, akakunja, akafunga kamba.

"Mwenzio alijua kwamba hakuna?" bibi aliuliza.

"Nilimwambia ipo."

Bi Mwanvita alifungua kinywa, akakifumba, akalikumbatia furushi lake akaondoka. Twalibu alipanda kigoda, akasogeza makatoni ya sabuni, akaliweka jora palepale alipomwambia mkewe kwamba lipo.