Seva ya Mapokezi

Fundi wa kompyuta wa hospitali alikuwa amejaa hasira. Diski mpya aliyoinunua dukani imeingia mahali pake sawasawa, na bado seva imeikataa. Haitaki diski isiyotoka kiwandani kwake, basi!

Na alikuwa amesema. Alisema mpaka koo likamkauka: picha za eksirei zinapigwa kutwa kucha, kila moja lazima itolewe nakala, hiyo ni kazi ya punda, haitaki urembo. Aliomba seva tatu za kawaida zenye nafasi nyingi za diski. Diski ikifa unapata nyingine duka lolote, na seva moja ikizimika mbili zinaendelea. Mkurugenzi, mdogo wa mumewe, alimcheka. "Shemeji, unapenda sana vitu vya kuokoteza." Akaenda kwenye maonyesho, akarudi na seva moja yenye mlango wa kioo, akaiweka mapokezi ili wageni waione. Watu wakawa wanapiga nayo picha.

Sasa diski mbili za seva hiyo zimekufa kwa kuelemewa, na nakala zote zimekwenda nazo. Za kiwandani zitafika mwezi ujao. Mashine kuukuu inayotunza picha zenyewe nayo imeanza kukwamakwama. Ikizimika, hakuna picha tena. Wodini kuna mama mwenye uvimbe kwenye pafu, ambaye daktari hawezi kujua kama dawa inamsaidia bila kulinganisha picha za mwanzo na za sasa.

"Tusubiri tu, shemeji," mkurugenzi alisema kwenye simu. "Presha ya nini?"

Alimkatia simu. Akapita ofisini, akachomoa kompyuta tatu, akazijaza diski za dukani, akaziunganisha, akaanza kunakili picha, wodi moja baada ya nyingine.

Mkurugenzi alimkuta sakafuni. "Kompyuta yangu iko wapi?"

"Iko kazini. Ndiyo mara yake ya kwanza."

Mashine kuukuu ilikoroma, ikanyamaza. Fundi aliiwasha tena na tena, wapi. Akaangalia nakala zilizoingia: watoto wote wamo, wanaume wote wamo, wodi ya kina mama nusu. Yule mama hamo.

Mkurugenzi alifuta jasho. "Sasa tutamwambiaje, shemeji?"

"Mimi sina la kumwambia," fundi alisema, akamfungulia mlango. "Yuko kitanda cha dirishani. Nenda."