Msumari wa Pete

Kwenye ukuta wa karakana yangu, juu kidogo ya swichi, nimepigilia msumari. Hapo ndipo pete yangu ya ndoa inapokaa nikiwa kazini. Ninakereza miguu ya meza na vitanda, na mti unaozunguka kwenye mashine hauulizi pete imebarikiwa na nani. Ukiinasa unaondoka nayo, na kidole kinafuata. Kwa hiyo ninaivua. Ninakunja mikono ya blauzi, ninafunga nywele zote ndani ya kitambaa, ninavaa miwani, kisha ndipo ninawasha. Nikimaliza, pete inarudi kidoleni. Sioni la ajabu hapo.

Mama mkwe aliliona. Alipita kunisalimia, akaikuta pete inaning'inia, akageuka na kuondoka hata salamu hajaimaliza. Jumapili ikawa kikao. Karakana yangu ni banda aliloachiwa na marehemu mumewe, kwa hiyo hukumu alikuja nayo mkononi: mke asiyevaa pete hafanyi kazi kwenye banda lake.

Walinikuta nakereza. Nikazima mashine, nikachomoa plagi, nikaitia mfukoni mwa aproni. Mashine yangu haiachwi na umeme mbele ya wageni, hata kama wageni wenyewe wamekuja kunifukuza.

Mama alikuja na kaka mkubwa wa mume wangu, mshereheshaji wa harusi, mtu anayevaa tai hata akienda kunyoa. Mume wangu alifuata nyuma, akaketi kwenye stuli niliyoitengeneza mwenyewe, akaanza kuchunguza viatu vyake.

"Shemeji, pete ni alama," mshereheshaji akaanza, kwa sauti ile ile ya ukumbini. "Ukiivua, unawaambia watu nini?"

"Nawaambia nina vidole kumi, na nataka vibaki kumi."

"Mdomo huo!" Mama mkwe akadakia. "Mimi yangu haijatoka tangu niolewe. Nimefua nayo, nimelima nayo, nimezaa nayo."

"Mama, jembe halizunguki."

Nilimtazama mume wangu nikitegemea neno, hata moja la kuombea maji. Yeye na viatu vyake tu. Ni mpole, na siku nyingi upole wake naupenda. Siku ile ulinichefua.

"Huu ni woga tu," shemeji akasema, akaisogelea mashine. "Wanawake mnapenda kukuza mambo. Chombo chenyewe ni hiki tu?" Akainama kuukagua mguu wa meza niliokuwa nimeubana, na tai yake ikateleza kutoka tumboni ikalala juu ya mti. Kabla sijafungua mdomo, akabonyeza swichi ya mashine.

Kimya.

"Umeme umekatika?" akauliza.

Nikatoa plagi mfukoni nikamwonyesha. Kisha nikaigandamiza ncha ya ile tai kwenye mti, nikaanza kuuzungusha mguu wa meza kwa mkono, taratibu, na tai ikajiviringisha, ikamvuta, mpaka kidevu chake kikagusa mti.

"Mashine ingefanya hivi kabla hujamaliza kusema mabibi na mabwana," nikamwambia, nikamfungua.

Alisimama wima akijipapasa shingo. Mama mkwe alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja. Nilidhani yameisha. Kumbe bado simjui.

"Hiyo ni tai," akasema alipopata pumzi. "Mimi nimekuja kwa ajili ya pete. Ivae ufanye nayo kazi kama wake za watu, au nipe ufunguo wa banda langu."

Hasira ilinipanda mpaka masikio yakawaka moto. Banda lile nililikuta limejaa magunia mabovu na panya. Kila kilichosimama mle nimekisimamisha mimi. Nikanyoosha mkono msumarini, nikaivaa pete, nikawaonyesha kidole wote. Kisha nikazima swichi ambayo shemeji aliiacha imewashwa, maana mashine ikichomekwa hivyo huanza kuzunguka yenyewe. Nikaenda kwa mume wangu nikamwekea plagi kiganjani.

"Wewe ndiye uliyenivisha," nikamwambia. "Mama anataka nikereze nayo. Haya, chomeka."

Akaniangalia. Nami nikamkazia macho. Kama angechomeka, ningempa mama ufunguo wake palepale, na kuna mambo mengine kati yetu ambayo yangefungwa na banda hilohilo.

Alinyanyuka akaenda mpaka ukutani na plagi yake. Akasimama pale, ametupa mgongo. Mama mkwe akakohoa kumhimiza. Basi akaitua plagi sakafuni, akarudi, akaushika mkono wangu. Pete ilikwama kwenye kifundo cha kidole, akaizungusha polepole kama siku ile alipokuwa anaivisha, ikatoka. Akaitundika msumarini kwa mkono wake.

"Mama," akasema, "pete nilimvisha mimi, na leo nimemvua mimi. Nilimwoa yeye, vidole vyake vyote."

Shemeji alikuwa ameshaivua tai na kuisokomeza mfukoni.

"Mimi sijakubali," Mama mkwe akasema.

"Usikubali, Mama," nikamwambia. "Lakini naomba usogee nyuma ya ule mstari mwekundu hapo sakafuni. Nina meza ya watu inasubiri mguu."

Mume wangu akachomeka plagi. Nikakunja mikono ya blauzi, nikavaa miwani, nikashika patasi, nikageuka kuhakikisha kila mtu yuko mbali. Mama mkwe alikuwa nyuma ya mstari, amenuna vilevile, huku anazichomeka ncha za mtandio wake ndani ya blauzi, moja baada ya nyingine. Nikawasha.