Waridi Lililochuja Rangi

Asumpta alijua kuna jambo kabla hajavua viatu. Nyumba ya Mama Noorbanu, pale Markham, Kanada, ilikuwa na sauti ya maji, na ndani hakukuwa na mtu. Mama mwenyewe alikuwa hospitali siku ya tatu, amefanyiwa upasuaji wa nyonga.

Alikimbilia sebuleni. Maji yalikuwa yakichuruzika kutoka darini, yakifuata ukuta, yakiingia ndani ya fremu kubwa iliyohifadhi kitambaa cha hariri. Kilikuwa kitambaa cha Kiajemi, cha zamani sana, kimetariziwa mawaridi na matawi yenye machipukizi kutoka pindo hadi pindo, na ndege wawili wadogo katikati. Babu yake Mama Noorbanu alikinunua Tanga kwa mfanyabiashara mpita njia, na mama yake alikipakata ndani ya ndege walipohamia Kanada. Kwa miaka minne Asumpta alikuwa akimtunza mama huyu, akimpikia na kumwogesha, lakini kioo cha fremu ile hakuwahi kukifuta vumbi. Mama alikifuta mwenyewe.

Sasa wekundu ulikuwa unatiririka kutoka kwenye kona ya chini ya kitambaa.

Alishuka mbio hadi chumba cha chini ya nyumba, akafunga koki kuu ya maji. Hapo ndipo alipokumbuka. Alipoondoka mara ya mwisho alizima hita ya vyumba vya juu. Nyumba haina mtu, alijiambia, ya nini kupoteza umeme? Baridi ilikuwa imeshuka hadi nyuzi ishirini na tano chini ya sifuri. Bomba liliganda, likapasuka.

Alimpigia simu Nadim, mtoto pekee wa mama, aliyekuwa mji wa Calgary kikazi. Nadim alimjibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake: achukue mashine ya kukaushia nywele, akikaushe haraka.

"Hapana, kaka Nadim. Hariri haitaki moto."

Nadim alimuuliza kama ana uhakika.

"Nimeshona nguo za watu Morogoro miaka kumi na mitano. Hii niachie mimi."

Alisema hivyo kwa sauti kavu. Alilaza fremu mezani, akafungua mgongo wake kwa kisu cha jikoni, akakitoa kitambaa taratibu bila kukivuta, kama anayemnyanyua mtoto mchanga. Alikilaza juu ya shuka jeupe, akakandamiza taulo nyeupe kidogo kidogo, hasugui. Kila taulo lililokunywa maji alibadilisha. Kisha akawasha feni, akaielekeza ukutani ili upepo usikipige moja kwa moja. Alishinda pale hadi jioni. Kilipokauka, doa jekundu lilikuwa limebaki pembeni, kubwa kama kiganja.

Mama Noorbanu aliambiwa kuhusu maji. Kuhusu hita, Asumpta hakusema. Wiki nzima alilala vibaya, chakula hakipiti.

Nadim aliporudi alitafuta mtaalamu, mwanamke wa Kiirani aitwaye Naheed, anayetengeneza vitambaa vya kale kwenye karakana yake Richmond Hill. Mama, aliyekuwa ndiyo kwanza ametoka hospitali na anasukumwa kwenye kiti cha magurudumu, alikataa katakata kubaki nyumbani. Basi wakaenda wote watatu.

Naheed aliwasha taa, akainama juu ya kitambaa. Kisha akachukua kijiti chenye pamba yenye unyevu, akagusa petali ya waridi moja. Pamba ikabaki nyeupe. Akagusa lingine. Nyeupe. Akaenda hivyo ua kwa ua hadi kwenye kona yenye doa. Pamba ikageuka nyekundu.

"Hariri ya zamani haijaharibika," alisema kwa Kiingereza. "Rangi zake zote zimeshika. Aliyekikausha alijua anachofanya. Kilichochuja ni waridi hili moja, na hili halikushonwa Uajemi. Ni uzi wa dukani, wa pamba. Mtu alilishona baadaye. Doa lenyewe nadhani nitalitoa karibu lote."

Nadim alimtazama mama yake. Mama alikuwa amefunika mdomo kwa ncha ya mtandio. Akamgeukia Asumpta, akasema Kiswahili:

"Nililishona mimi."

"Wewe, mama?"

"Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Mama kaenda msibani, mimi nikataka kukinyoosha kimpendeze. Pasi ya mkaa ikadondosha kaa. Tundu hili, Asumpta! Nikaiba nyuzi kwenye kikapu chake, nikashona ua juu yake, vidole vyote damu. Sikumwambia mpaka anakufa. Miaka yote naogopa mtu ataliangalia kwa karibu."

Asumpta alihisi machozi yanakuja. Akapiga magoti kando ya kiti cha mama.

"Mama, na mimi nina la kukwambia. Hita ya juu niliizima mimi. Nilidhani naokoa umeme. Bomba liligandia hapo."

Mama Noorbanu alimtazama, kisha akaanza kucheka. Alicheka hadi akashika nyonga yake kwa maumivu.

"Ndiyo maana hukuwa unakula? Mimi nilidhani unaumwa! Nyanyuka, mwanangu. Bomba limeshazibwa. Wewe ndiye uliyekiokoa."

Nadim, aliyekuwa amesikia kila neno, alimshika Asumpta mkono akamwinua. "Asante, dada," alisema, kwa Kiswahili kilichomkwama kidogo.

Naheed aliuliza wanataka afanyeje na lile waridi. Mama akajibu bila kusita: alitoe, na tundu alishikize kwa kipande cha hariri tupu, lionekane lilivyo. Amechoka kulificha.

Siku ile Asumpta aliondoka mapema. Alikula sambusa mbili akiwa amesimama kituoni, akapanda basi la kwenda kwake Kingsview Village, akaegemeza kichwa dirishani. Usingizi aliokuwa ameukosa wiki nzima ukamchukua hapo hapo. Dereva alimwamsha mwisho wa njia, uwanja wa ndege, vituo vingi kupita kwake. Asumpta alimshukuru, akajifunga skafu, akavuka kwenda kungoja basi la kurudi.