Muswada Uliokuja Kupima Hewa

Jana mchana, nimejilaza kwenye kochi na simu kifuani, niliota muswada umekuja kunihoji.

Nilikuwa na hofu tangu asubuhi. Nilimwandikia Mbano, rafiki yangu wa miaka kumi na tisa, aliyefiwa na baba yake. Yeye Mngoni, mimi Mhehe. Sisi ni watani, na msibani mtani haleti pole, analeta matusi ili wafiwa wacheke. Niliandika: "Afadhali Mngoni mmoja kapungua, nchi ipate hewa." Tiki zikawa bluu. Jibu halikuja. Redioni walikuwa wanabishana kuhusu muswada wa maneno ya chuki mitandaoni.

Muswada unaingia bila kubisha hodi. Ni karatasi arobaini zilizobanwa pini, zimevaa tai.

"Wewe ndiye Kihwele?"

"Ni mimi. Lakini wewe si bado hujapitishwa?"

"Nimesomwa mara mbili. Najizoeza."

Unatoa kipimo cha upepo, kile cha mafundi wa matairi, unakichomeka hewani na kukisoma kwa makini.

"Ulisema nchi itapata hewa. Hewa ni ileile. Kwa hiyo, juu ya chuki, kuna uongo."

"Ule ulikuwa utani."

"Nionyeshe kifungu cha utani."

Naupekua. Kuna faini, kuna vifungo, kuna nusu ukurasa wa maana ya neno picha. Utani haumo.

Kochi limeshakuwa benchi, na benchi liko msibani kwa kina Mbano, Songea. Jeneza liko mbele yangu. Marehemu anainua kifuniko kidogo.

"Shikamoo mzee. Waambie mimi ni mtani."

"Marahaba. Najua, mwanangu, nimecheka sana. Lakini shahidi lazima awe na kitambulisho, na changu wamekichukua asubuhi."

Anafunga taratibu.

Simu yangu inasafisha koo. "Ufute ujumbe," inanishauri. "Kwa wote."

"Nikifuta, kesi inaisha?"

"Inaisha, pamoja na vyote vilivyoambatana nayo," unajibu muswada, ukirekebisha tai.

Mimi ni mwoga, sitaficha. Nabonyeza.

Mbano anainuka kati ya wafiwa, ananipa mkono kwa adabu.

"Karibu, mgeni. Umetoka mbali?"

Nataka kumtukana, yeye na pua yake na ukoo wake wote. Kinywa kinafunguka, kinatoka kitu kimoja tu.

"Poleni sana."

Uchungu ulionishika hapo sina wa kuufananisha nao. Nililia ndotoni hadi nikaamka.

Simu ilikuwa bado kifuani. Nikaifungua. Pale penye tusi langu paliandikwa: "Umefuta ujumbe huu." Chini yake Mbano alikuwa amejibu: "Asante kwa pole zako, ndugu."

Miaka kumi na tisa Mbano ananiita mtumwa wake. Ndugu hajawahi kuniita.