Kovu la Bia Chachu

Saa nne asubuhi waonjaji watano wa mashindano ya bia waliketi kwenye meza ndefu ya maabara ya kiwanda, kila mmoja na glasi yake, kipande cha mkate mkavu na fomu. Bia iliyomiminwa ilikuwa na rangi ya dhahabu iliyochuja, ikinukia ndimu na mbao zilizolowa.

Aliyeipika alisimama mlangoni na buti zake za mpira. Kwa miaka miwili alikuwa ameilea katika pipa moja, akiionja kila Jumatatu na kukataa katakata kuitoa kabla haijaiva. Mwenye kiwanda, kaka wa mumewe, alimwahidi kwamba ikishinda, jina lake litaandikwa kwenye chupa. Hakutaka kingine.

Mwonjaji mkuu, mzee asiye na dogo, alipiga funda moja akafumba macho. Uchachu ulimkamata kwenye mataya, ukamtoa machozi kidogo, kisha ukalegea na kuacha utamu mwembamba usiotaka kuondoka. Kusema kweli, ilikuwa bia nzuri kupita kiasi. Alipofumbua macho alikuwa na kovu la kuungua kwenye mkono wa kushoto, juu kidogo ya kifundo.

Wenzake nao walikuwa nalo. Mmoja alivua saa iliyolibana, akaivaa mkono wa pili. Wote waligeuka wakautazama mkono wa mpishi, uliounguzwa na bomba la mvuke siku pipa lilipojazwa. Wakarudi kwenye fomu, wakaipa bia alama zote.

Shemeji hakuonja. Uchachu humletea kiungulia. Alipokea kombe kwa mikono yake laini, akawashukuru wote waliochangia.

Jumatatu lebo mpya zilifika, zina picha ya shemeji akitabasamu. Mpishi alimkumbusha ahadi.

"Shem, kwani sisi si familia moja?" alisema shemeji, na kwake yakaishia hapo.

Mchana mwonjaji mkuu alikuja kwenye mapipa, akakunja mkono wa shati. Alisema kovu linamwasha.

"Kukiwa na baridi huwasha," mpishi alimwambia. "Paka mafuta, usilikune. Utalizoea."

Mzee alishukuru, akaomba glasi moja zaidi. Aliinywa amesimama, polepole, bila kuacha tone. Alisema tangu azaliwe hajaonja bia kama hii, na akamwomba amfikishie shemeji yake pongezi.