Tulieni, Tafadhali

Siku ile mjinga nilikuwa mimi, tena mjinga mwenye kipaza sauti, kwa hiyo uwanja mzima ulinisikia.

Mimi ndiye mtangazaji wa mechi za chuo. Mchezo ukipooza, nauchangamsha kwa utani. Jumamosi iliyofuata kungekuwa na fainali ya netiboli, basi tukafanya zoezi: mtu akituvamia na silaha, tufanyeje? Mlinzi mmoja wa chuo akapewa chaki awe mvamizi. Akikuchora, umekufa. Mimi ofisi ilinipa maneno ya kusoma.

Mvamizi alipoingia, nikanguruma: "Wapendwa watazamaji, tulieni. Tulieni, tafadhali."

Wakatulia! Mama yako akikwambia tulia, si unakaa? Wasichana wa timu wakaketi palepale uwanjani, na mlinzi akawapitia mmoja mmoja kama mwalimu anayesahihisha madaftari. Nyuma yao geti lilikuwa wazi, hata ng'ombe angepita.

"Jamani, chaki ya bure hiyo!" nikatania.

Dada yangu, kocha wao, akapanda mbiombio kwenye kibanda changu cha kutangazia akaninyang'anya kipaza sauti.

"Kaka, unacheka nini? Timu nzima umeniulia!"

Nikachungulia chini. Migongo yote myeupe. Kicheko kikanikauka, hasira ikanipanda mpaka masikioni.

Tukamwendea Mkuu wa chuo, aliyekuwa amejikalia jukwaani kwenye kiti chenye mto.

"Mkuu, maneno haya yabadilishwe kabla ya Jumamosi," dada akasema. "Atangaze: kimbieni, tokeni getini!"

"Kocha, punguza jazba. Kamati imeshayapitisha. Mgeni rasmi aambiwe kimbia, kama mwizi wa kuku?"

"Risasi itamuuliza cheo?" nikadakia. "Mkuu, hawa wamekufa wameketi, na aliyewakalisha ni mimi, kwa maneno yenu!"

"Wewe mchekeshaji, nyamaza. Zoezi limekwenda vizuri, hakuna aliyekanyagwa."

"Maiti hawakanyagani!"

"Nimesema hayabadilishwi!" Mkuu akapiga mkono wa kiti. "Jumamosi nataka uwanja wenye utulivu. Basi."

Dada hakupaza sauti. Alimpangusa chaki binti aliyesimama karibu naye, kisha akamgeukia Mkuu.

"Utulivu uko makaburini, Mkuu. Kapange fainali yako huko, wangu hawachezi."